Askari Atajitafutia

Sikupanga kwenda kwenye matanga ya Papa Anaclet. Goti langu la kushoto halipendi safari, na mimi mwenyewe, niseme ukweli, sipendi kukaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mambo ambayo hakuyafanya. Lakini binti yake alinipigia simu Lubumbashi akasema, "Maman Béa, hizi siku za mwisho baba alikuwa anaongea tu mambo ya Kisiwa. Eti, mumuambie Béa aangalie chakula kwanza. Siye tuliwaza ni homa." Haikuwa homa. Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Likasi, goti na mimi, tukagombana njia nzima.

Uani kwake, mtaa wa Kikula, walikuwa wamejaa wazee wa kiwandani, wengi kuliko nilivyodhani bado wako hai. Nikiwa natafuta pa kuweka mkoba, mzee mmoja mrefu mwenye suti ya kahawia iliyopauka mabegani alivuta kiti, akakaa kando yangu na kusema polepole, "Mon gouverneur." Duniani ni watu watatu tu waliowahi kuniita gavana. Mmoja alikuwa ndani ya sanduku pale mbele. Wa pili, Maman Régine, alitangulia zamani. Nilimgeukia huyu wa tatu na kabla sijaitambua sura niliitambua mikono, mirefu, safi, imetulia juu ya magoti. Alikuwa Kaporali. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule, na mwaka wote ulirudi kunikalia mapajani.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na cheti cha kupiga chapa. Habari za kwetu nyumbani naziacha, maana mchango wake ulikuwa swali moja kila jioni, "Kuko habari ya mushahara?", na jibu moja, "Hakuko." Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kila kitu kikianguka polepole, kimoja kimoja. Kiwanda chetu cha shaba kilikuwa kimenyamaza na mishahara imekuwa hadithi. Hata hivyo tulikwenda kazini kila asubuhi kusaini daftari la mahudhurio, kwa sababu asiyesaini alifutwa, na aliyefutwa hakuwa hata na hadithi ya kusubiri. Ofisi namba saba ilikuwa na meza sita na watu watatu. Wenye meza tatu nyingine walikuwa wameondoka kwa treni miaka michache nyuma, wakati watu walipoanza kuulizana asili na kuwafukuza wa kutoka mbali, na Papa Anaclet, mkuu wetu, hakuruhusu mtu aweke hata mfuko juu ya meza zile. Alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni na misa ya alfajiri. Wa pili alikuwa Maman Régine, mpiga chapa wa zamani, mjane, mwenye sauti ya kwaya na mwili wa kuibeba, ambaye alikuwa amehama Ukatoliki na kuingia kanisa la uamsho, akawa anasubiri Papa Anaclet amfuate. Wa tatu mimi. Ukutani, upande wa korido, palikuwa na kidirisha ambacho zamani wafanyakazi walipitishia karatasi zao. Nje ya kidirisha hicho, juu ya sanduku la mbao, alikaa Kaporali, askari aliyewekwa kulinda jengo. Hatukujua analipwa na nani, wala kama analipwa. Asubuhi tulimpita kwa bonjour, jioni kwa bonsoir, na katikati tulimsahau.

Kazi ya kweli iliyobaki ilikuwa moja tu. Mwanzoni mwa mwaka Papa Anaclet alinunua karanga sokoni, akala, halafu akakunjua karatasi iliyofungiwa, akakuta ni kadi ya mfanyakazi wetu: jina, siku aliyoingia, kazi alizopitia. Kumbe kadi za kiwanda zima zilikuwa zimeshauzwa kwa mama za karanga. Kuanzia siku hiyo miaka ya kazi ya watu wote ilibaki mahali pamoja, ndani ya kompyuta ya ofisi namba saba, nayo kompyuta kila mwenye macho aliitamani. Printa haikuwa na utepe. Papa Anaclet akaamua kunakili mafaili yote kwenye disketi, herufi kwa herufi, kabla mashine haijachukuliwa. "Muntu akipoteza kazi, ni shida," alituambia. "Mais akipoteza ile miaka alitumika, iko sawasawa hakuzaliwa." Disketi zilipatikana kwa taabu, mbili wiki hii, moja mwezi ujao, na nusu yake mbovu. Herufi K peke yake ilitula miezi miwili, maana Likasi K ni nusu ya mji. Maman Régine, ambaye jina la mumewe lilianza na T, alimsumbua kila Jumatatu.

"Chef, juu ya nini usianzie ku T? Mume yangu alitumika miaka makumi mbili na tatu ku moto. Ile miaka njo kaburi yake. Ile ingine ni udongo tu."

"Alfabeti haina upendeleo, Maman."

"Alfabeti ni ya Bakatoliki," alijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Kisiwa kilitujia kwa njia hiyo hiyo ya disketi. Katika droo ya fundi mmoja Mzungu aliyekuwa ameondoka tulipata disketi moja nzuri, na Papa Anaclet alipotaka kuifuta, kwenye kioo ikatokea ramani. Ulikuwa mchezo wa vita. Tuliuhamishia ndani ya mashine, disketi tukaipa herufi A, na tangu siku hiyo, kila tulipongoja disketi nyingine, tulicheza. Wewe ni gavana wa kisiwa chenye vijiji kumi na viwili. Waasi wako milimani, huwaoni. Kijiji kinachokuamini ni mraba mweupe, kilichohamia kwa waasi ni mweusi, kinachosita ni nusu kwa nusu. Kila zamu ni wiki moja. Zikitimia wiki hamsini na mbili nawe una vijiji vinane vyeupe, umeshinda. Mwanzoni mashine inakupa magunia ya unga uyagawe: barabara, zahanati, shule, na mstari wa mwisho, askari. Siku ya kwanza niliusoma mstari huo kwa sauti nikauliza niandike ngapi.

Papa Anaclet hata hakuinua macho. "Askari? Tia zero. Askari atajitafutia."

Hakuna aliyebisha. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona askari aliyepewa chakula na mtu. Askari alikuwa mtu wa kuchukua. Niliandika sufuri, na kwa miezi saba, kila tulipoanza upya, yeyote aliyeshika kibodi aliandika sufuri bila kufikiri.

Tulishindwa kila mtu kwa tabia yake. Papa Anaclet, pamoja na upole wake wote, alikuwa jenerali mwenye hasira. Alituma askari wote milimani kuwafukuza waasi, akawakuta wawili, na nyuma yake vijiji sita vikawa vyeusi. Akisikia uvumi kutoka kijiji kimoja alikamata watu siku hiyo hiyo. "Wote Buluo!" alisema akibonyeza, kana kwamba gereza letu lingeweza kuchukua wafungwa wa kisiwani, na kijiji kilichokamatwa watu bure hakikurudi kuwa cheupe. Maman Régine alijenga zahanati kila mahali wiki ya kwanza, bila mtu wa kuzilinda, na wiki ya nne zote zilikuwa majivu. Mimi nilikuwa mvivu, na uvivu ulinifundisha. Niliweka askari kwenye vijiji viwili vinavyopakana nikawaacha wakae tu. Wiki ya tatu wanakijiji walianza kuwaambia mambo. Nikajenga barabara kati ya vijiji hivyo, nikaingia cha tatu, na sikukamata mtu mpaka uvumi uje kutoka vijiji viwili tofauti. Weupe ulienea kama mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Nilifika vijiji vitano, mara moja sita. Lakini ikifika wiki ya thelathini vilianza kugeuka kutoka katikati, vile vya zamani kwanza, bila mwasi hata mmoja kuonekana.

"Béa, weye iko na akili mingi," Papa Anaclet alisema, "mais hii mashini inatuiba."

"Ni pepo," alisema Maman Régine, akaweka mkono juu ya kioo akaikemea kwa jina la Yesu. Mashine iliendelea kunguruma vile vile.

Ninapofikiria mwaka ule sikumbuki njaa kwanza, ingawa ilikuwepo. Nakumbuka harufu ya makala, yaani makaa, koridoni, ambako Maman Régine aliwasha mbabula, jiko letu dogo, saa tano kamili. Mimi nilileta unga, yeye mboga za bustani yake kando ya reli, Papa Anaclet makala. Tulikula bukari, ndiyo ugali wetu, na lengalenga, ndiyo mchicha, siku nzuri na dagaa, tukizunguka meza ya kompyuta tukibishana juu ya kijiji cha tisa. Nimekula mahali pengi pa heshima tangu hapo, na sijapata tena meza yenye furaha kama ile. Chini ya sufuria kilibaki ukoko, ambao Maman Régine aliuloweka kwa maji awapelekee bata wake. Mwezi wa nane bata walianza kukosa. Kila alasiri sufuria ilikutwa tupu, imesuguliwa, imefunikwa kifudifudi.

"Nani anakula makoko ya bata yangu?" alipiga kelele, na Papa Anaclet akasema labda bata wenyewe wameokoka wanafunga.

Siku moja nilichungulia kwenye kidirisha kwa bahati. Kaporali alikuwa na sufuria kati ya magoti, bunduki imelazwa chini, anakula ukoko uliolowa kwa vidole vitatu, taratibu. Alipomaliza alikwenda bombani, akaisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa, akairudisha. Nilijiuliza ni mwizi gani anayeosha sufuria. Nikarudi kukaa mbele ya kioo. Ilikuwa wiki ya thelathini na moja na kijiji changu cha kwanza kilikuwa kimegeuka cheusi. Nikafungua ukurasa wa magunia, nikaiona ile sufuri, na aibu ilinishika kabla sijajua naionea aibu nini. Askari wangu walikuwa wamekaa miezi saba vijijini bila kupewa kitu. Walikula nini? Walikula kijiji.

Nilianza upya. Niliandika magunia ya askari kwanza, kilichobaki ndipo nikagawa, zahanati moja, barabara moja. "Unaharibu unga," Papa Anaclet alilalamika, lakini wiki ya thelathini ilipita, ya thelathini na tano ikapita, na vijiji vilibaki vyeupe. Mara ya kwanza nilipata saba. Mara ya tatu, wiki ya hamsini na mbili, nilikuwa na tisa. Mashine ililia sauti tatu ndogo, basi, hayo ndiyo matarumbeta yote tuliyopewa. Papa Anaclet alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanipa mkono. "Mon gouverneur." Maman Régine alisema vile vile huku akicheza kati ya meza tupu. Na kutoka kwenye kidirisha, ambako hatukuwa tumemwona, Kaporali naye alisema, "Mon gouverneur," halafu uso ukaondoka. Nilihifadhi ushindi ule kwenye disketi moja, nikaiandika "Gavana," nikaiona ni mali yangu ya kwanza ya utu uzima.

Hapa kuna jambo la kukiri. Sahani ya kwanza tuliyompa Kaporali haikutoka kwenye huruma. Ilitoka kwenye kikao. Tulikuwa tumefika herufi M, mashine za ofisi nyingine zimeanza kupotea, na Papa Anaclet alisema kama mbinu imefaa kisiwani, tuijaribu koridoni. Maman Régine alikataa. "Bukari yetu, nimupe mwenye bunduki?" Nikamwambia mwenye bunduki anakula tayari, ila anakula ya bata. Aliongeza maji kwenye sufuria. Tangu siku hiyo nilimpelekea Kaporali sahani kila saa sita, na nilikuwa nahesabu wiki kichwani kama kwenye mchezo. Wiki ya kwanza alipokea bila neno. Ya pili alisema asante. Ya tatu akaanza kuongea, Kiswahili kilichochanganyika na Kilingala, juu ya mama yake, juu ya kambi, nani anauza nini. Nilirudi ndani nikamwambia Papa Anaclet, kwa fahari ya kijinga, "Kijiji kimekuwa cheupe."

Mvua zilipoanza, asubuhi moja saa nne, Kaporali aliingia ofisini. Hakuwahi kuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Papa, leo banakuya. Saa sita. Ni bantu ya kambi, munane. Hii nyumba yote batakamata bintu. Minye mumoja siwezi kubakatalia."

Tulikuwa tumebakiza N mpaka Z, disketi nne mkononi, na kazi ya saa tatu kwa mashine ile ya polepole. Kutoka na kompyuta getini hakukuwezekana. Maman Régine alisema tufunge mlango tuombe. Papa Anaclet alikaa kitini, rangi imemtoka, akisema tu, "N, ni N, Ngoy wote, Ngoy wote." Mimi nilimuuliza Kaporali swali moja, je, hao watu wamekula?

"Tangu juzi hapana."

Maman Régine alikuwa ameshainuka. Tulikusanya unga wote uliokuwa kabatini, ule wa wiki nzima, na mboga, na dagaa waliowekwa kwa ajili ya Jumapili, na mbabula ikawashwa mapema. Walipofika, kwa viatu na kelele, walikuta korido ina harufu ya bukari na Kaporali amesimama na jagi la maji, kama mwenyeji wa sherehe. "Munawe mikono kwanza," aliwaambia. Watu wanane wenye bunduki waliangaliana, wakanawa. Maman Régine aliwagawia akiwa na uso wa mama mkwe, akimgombeza mmoja aliyetaka kuanza kabla ya wenzake. Mimi nilipitisha sahani kwenye kidirisha, na nyuma yangu nilisikia mashine ikisaga, Papa Anaclet akinong'ona herufi. N. O. P. R. Nilitamani wale polepole, na walikula polepole, maana aliyekaa siku mbili bila kula haharakishi anapopata.

Disketi ya nne ilikuwa mbovu. Ilibaki T na zote za nyuma yake, na hatukuwa na nyingine. Papa Anaclet aliniangalia. Maman Régine alikuwa koridoni akigawa bukari ya mwisho, hakujua. Nilifungua droo nikatoa "Gavana," nikampa, na nilisikia uchungu, sioni haya kusema, uchungu wa mtoto. Mashine ikasaga. Wa kwanza wa askari alipofuta midomo na kusema, "Asante, maman," Papa Anaclet alikuwa anaitoa disketi, na miaka ishirini na mitatu ya mume wa Maman Régine ilikuwa ndani.

Halafu walichukua kila kitu. Walibeba meza sita, vitasa, hata kidirisha kwa sababu kilikuwa na fremu ya chuma. Sisi walituacha tupite, na mmoja alimsaidia Maman Régine kubeba mbabula hadi getini. Disketi zilikuwa kwenye mfuko wa Biblia wa Maman Régine mwenyewe. Nilipogeuka nyuma nilimwona Kaporali akitoka na kompyuta yetu begani. Ilinichoma, lakini sikumwita.

Miaka mingi baadaye, ilipoulizwa nani alifanya kazi kwa muda gani, hakukuwa na karatasi popote, ila mfuko ule. Disketi zilifunguka zote isipokuwa sehemu ya H, na Likasi, Mungu anajua kupanga, haina watu wengi wa H. Ndiyo maana wazee wale walijaa uani kwa Papa Anaclet. Kila mmoja alikuwa na miaka yake kwa sababu ya marehemu.

"Na mashini?" nilimuuliza Kaporali. Jina lake la ubatizo ni Dieudonné. Nimelijua kwenye matanga haya.

"Ilikufa ku nyumba. Kuku njo zilitagia ndani." Alicheka kidogo. "Mais Maman Béa, minye nilikuwa naona ile zero. Ku kidirisha. Tangu siku ya kwanza."

"Miezi saba? Na hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Alisema bila kinyongo, na nilishukuru, maana kinyongo kingekuwa haki yake. "Na zile sahani, nilijua ni za Kisiwa. Nilisikia kikao yenu yote. Nilikula, mais niliwaza, ile bantu ya kambi bakikuja, minye na beye tutakamata pamoja, na hapana kubaambia ninyi."

"Sasa ni nini ilibadilisha?"

"Siku moja ulitia sahani, ukaenda. Kisha ukarudi mbio, na chumvi ku mukono. Ukasema, pardon, Kapo, leo tulisahau, haina ladha. Ku Kisiwa niliangalia muzuri. Kuko barabara, kuko zahanati, kuko chakula ya askari. Fasi ya chumvi hakuko."

Nilitafuta siku hiyo kichwani mwangu na sikuipata. Nakumbuka wiki, vijiji, magunia, kila hesabu niliyopiga ili kumshinda. Chumvi hiyo sina. Wakati huo wasichana wa nyumba walikuwa wanapitisha sahani, bukari na lengalenga, kama ilivyopaswa kuwa kwenye matanga ya mtu yule. Mzee Dieudonné alimega, akachovya, akatafuna, akatazama mbele kwa adabu. Nikaonja ya kwangu. Nikashika mgongo wa kiti, nikainuka na goti langu, nikaenda jikoni kutafuta chumvi.